Hasara tunayoitafuta iko juu ya nguzo

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro alieleza mpango wa Tanzania kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie mikoa ya kaskazini. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi: umeme unaozalishwa huku kwingine ukisafirishwa hadi kaskazini, sehemu yake inapotea njiani. Mitandaoni pakachimbika. Tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, halafu twende tukanunue kwa jirani? Wengine walilikejeli neno lenyewe: umeme unapotea vipi, kwani ni maji ya bomba? Na chini ya kelele hizo kulikuwa na swali la watu wa kawaida ambalo mpaka leo halijapata jibu la kueleweka: kama uwezo wa mitambo iliyofungwa nchini umepita megawati 4,000 na mahitaji ya kilele ni kama nusu yake, mbona kwangu ikifika saa moja jioni taa zinafifia, friji linanguruma bila kugandisha, na siku nyingine mtaa mzima unazimika baada ya mlio mmoja tu wa "paa"?

Jibu langu ni kwamba mjadala ule uliangalia minara mirefu ukasahau kile chombo cha kijivu kilichofungwa kwenye nguzo mbili pale kona ya mtaa. Transfoma ya ugavi ndiyo mlango wa mwisho ambao umeme wote unaozalishwa Rufiji, Mtera na Kinyerezi lazima uupite kabla ya kufika kwenye taa yako. Ufanisi wake tumezoea kuuona kama namba iliyogongwa kiwandani, ikaisha hapo. Si hivyo. Ufanisi wa transfoma unaamuliwa na namna ilivyonunuliwa, mzigo iliyobebeshwa, jinsi mzigo huo ulivyogawanywa, na joto la mahali inapofanyia kazi. Na nchi yenye umeme wa ziada, kinyume na wanavyodhani wengi, ndiyo inayopaswa kuzipiga hesabu hizi kwa makini zaidi.

Tuanze na safari yenyewe. Umeme wa Rufiji unapandishwa hadi msongo wa kilovolti 400 na kupelekwa Chalinze, huko unaingia kwenye gridi, unashushwa kwenye vituo vya kupoza umeme, unateremka hadi kilovolti 33 au 11, na mwisho kabisa unakuwa volti 400 kwa fezi tatu, 230 kwa fezi moja, ile inayoingia kwenye mita yako ya LUKU. Kila kupanda na kila kushuka ni transfoma, au mashineumba kama taarifa rasmi zinavyopenda kuiita, neno ambalo binafsi sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa fundi aliye juu ya ngazi. Wanaoitaja hasara ya minara mirefu hawajakosea. Umbali unakula umeme, na laini ya mamia ya kilomita ni lazima ilipiwe. Ila laini kubwa ni chache, zinatazamwa na wahandisi usiku na mchana, na zimepewa msongo mkubwa makusudi ili hasara ipungue. Transfoma za mitaani na vijijini ni maelfu kwa maelfu, zimesambaa, na nyingi hazitazamwi na mtu mpaka siku ziungue.

Ndani ya transfoma hakuna kinachozunguka. Kuna kiini cha mabati membamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, koili za shaba au aluminiamu, karatasi za kuhami, na mafuta yanayozamisha vyote hivyo. Umbo hilo la kiini kilichofungwa lilitoka kwenye karakana za Ganz jijini Budapest mwaka 1885, na mhandisi wa enzi zile akifunuliwa transfoma ya leo hatapata shida kuitambua. Kwa kuwa hakuna chuma kinachosuguana na chuma, ufanisi wake ni wa kutamanisha: asilimia 98, wakati mwingine 99. Injini ya gari haifiki hata nusu ya hapo. Na hapa ndipo mjadala wa wengi unapoishia, kwamba chombo chenye ufanisi wa asilimia 98 kitalaumiwa kwa lipi?

Kitalaumiwa kwa sababu asilimia hiyo ni ya mzigo fulani, si ya saa zote 24. Transfoma ina hasara mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni hasara ya chuma. Umeme wetu unafanya mizunguko 50 kwa sekunde, yaani unageuka upande mara 100, na kila unapogeuka kiini kinasumakishwa upya kuelekea upande mwingine. Kazi hiyo inakula nguvu na kutoa ule mvumo unaousikia ukipita chini yake usiku. Haijalishi kama kuna mtu amewasha taa au wote wamelala: hasara ya chuma ipo, kama daladala iliyosimama kituoni injini ikiunguruma na kiti hakijapata abiria. Ya pili ni hasara ya shaba, joto la nyaya za koili zinapopitisha mkondo wa umeme. Hii inafuata mzigo, tena kwa mraba wake. Mzigo ukiongezeka maradufu, hasara inakuwa mara nne. Ukifika mara tatu, hasara ni mara tisa.

Chukua transfoma ya kVA 100 (kilovoltiampea, kipimo cha mzigo ambao transfoma imeundwa kuubeba), mfano wa kawaida tu, yenye hasara ya chuma ya wati 300 na hasara ya shaba ya wati 1,750 ikiwa imejaa. Ikibeba kilowati 100 inapoteza wati 2,050, na ufanisi wake unakaribia asilimia 98 kamili. Ikibeba nusu, hasara ya shaba inashuka hadi robo, yaani wati 438 hivi, na ufanisi unapanda kidogo hadi asilimia 98.5. Kilele chake kiko pale hasara mbili zinapolingana, ambapo kwa transfoma hii ni kwenye mzigo wa asilimia 41. Sasa ipeleke kijijini kwenye kaya ishirini zilizounganishwa, wastani wa mzigo kilowati mbili. Ufanisi unaporomoka hadi asilimia 87. Usiku wa manane, wakati zimebaki taa chache za nje na simu zinazochajiwa, tuseme wati 500 kwa jumla, ili wati hizo 500 zitoke inabidi wati 800 ziingie. Transfoma ileile, chapa ileile, na sasa ufanisi wake ni asilimia 62.

Watu wengi, hata baadhi ya wanaouelewa umeme vizuri, wanadhani transfoma yenye hasara kubwa ni ile iliyozidiwa. Kwa asilimia, iliyo tupu ndiyo mbaya zaidi. Iliyozidiwa haionekani mbaya kwenye karatasi: ibebeshe hiyo ya kVA 100 asilimia 130 ya uwezo wake na ufanisi bado ni zaidi ya asilimia 97.5. Tatizo lake ni jingine. Hasara ya shaba imepanda kutoka wati 1,750 hadi karibu wati 2,960, na wati hizo haziendi popote isipokuwa kwenye mafuta na karatasi. Ni pasi mbili zilizotiwa moto wa juu ndani ya pipa lililofungwa. Kwa hiyo tuna magonjwa mawili, moja la vijijini linalokula umeme kimyakimya, jingine la mijini linalokula maisha ya chombo chenyewe, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine.

Joto lastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapa ndipo mazingira yetu yanapoingia kwenye hesabu. Kinachozeeka ndani ya transfoma ni karatasi. Shaba inadumu, chuma kinadumu, mafuta yanaweza kuchujwa au kubadilishwa, lakini karatasi inayohami koili ikishaungua na kuwa kama jani kavu la mgomba, hiyo transfoma imekwisha. Viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, vinachukulia kwamba karatasi ya kawaida inazeeka kwa kasi yake ya kawaida pale sehemu ya moto zaidi ya koili ikiwa nyuzijoto 98, na kila nyuzi sita zinapoongezeka kasi ya kuzeeka inakuwa maradufu. Nyuzi 18 juu ya hapo, saa moja inahesabika kama saa nane. Jioni nne za saa mbili mbili katika hali hiyo ni zaidi ya siku mbili na nusu za umri. Viwango hivyohivyo vinachukulia kwamba, mnunuzi asipoagiza vinginevyo, wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni nyuzijoto 20. Dar es Salaam ina wastani wa karibu 26. Tofauti ni nyuzi sita, yaani kwa mzigo uleule transfoma iliyonunuliwa kwa sifa za kawaida na kufungwa Temeke inazeeka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya ile iliyofikiriwa na walioandika kiwango. Haijalishi kama kiwanda ni kizuri au kibaya. Jua ni hilohilo.

Joto lenyewe pia linazaa hasara. Shaba ikipata moto, ukinzani wake unaongezeka. Koili iliyopanda kutoka nyuzijoto 75 hadi 115 inapoteza karibu asilimia 13 zaidi kwa mkondo uleule, na hiyo asilimia 13 inazidisha moto. Ndiyo maana mafuta yakipungua mambo yanaharibika haraka. Kwa miaka mingi, Tanzania na Kenya zimekuwa na wezi wanaokinga ndoo chini ya transfoma na kuyatoa mafuta, na simulizi za yanakoishia zinatisha, kuanzia mashine za kuchomelea mpaka makarai ya chipsi. Mafuta hayo ndiyo yanayobeba joto kutoka kwenye koili hadi kwenye mapezi ya ubavuni. Pasipo mafuta, transfoma ni pasi isiyo na pa kupumulia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nisingeliamini uzito wake kama nisingeliona. Rafiki yangu mmoja ana nafasi kwenye eneo la karakana za mbao na uchomeleaji ambalo lina transfoma yake, ya kVA 200. Fyuzi ilikuwa inakatika kila baada ya siku mbili tatu, na wenye karakana walikuwa wameshaanza kuchangishana wanunue transfoma kubwa zaidi. Fundi waliyemwita akafika na mita ya kubana waya. Uwezo wa transfoma ile ni ampea 289 kwa kila fezi. Fezi nyekundu ilisoma 312. Ya njano 148. Ya bluu 121. Akaturudia akiwa anafuta mikono: "Mzee, hii haijazidiwa. Imeelemewa upande." Wastani wa fezi zote tatu ulikuwa ampea 194, theluthi mbili tu ya uwezo. Ila kila aliyeleta mashine mpya miaka yote hiyo alimwita kishoka, fundi asiye rasmi, na kishoka alishika waya uliokuwa karibu na mkono wake. Ukipiga hesabu ya mraba kwa fezi zile tatu, hasara ya shaba ilikuwa imepanda kwa asilimia 19 kulinganisha na mzigo huohuo ukiwa umegawanywa sawa, na karibu robo tatu ya hasara yote imerundikwa kwenye koili moja. Fundi alihamisha mashine kadhaa kutoka fezi nyekundu kwenda nyingine mbili. Kazi ya nusu siku, ngazi moja, hakuna kilichonunuliwa isipokuwa viunganishi. Michango ikarudishwa, japo nasikia si yote.

Niligusie haraka na suala la vifaa vya kisasa. Taa za LED, chaja, televisheni na inveta havivuti umeme kwa utulivu kama pasi au balbu ya zamani. Vinauvuta kwa vipande vipande, na hivyo kuzaa mawimbi ya ziada yenye kasi kubwa kuliko ile mizunguko 50. Mawimbi hayo yanaongeza joto kwenye koili na kujikusanya kwenye waya wa nyutro. Kwa nyumba moja si kitu. Kwa jengo la ofisi lenye kompyuta mia tatu ni jambo la kuingizwa kwenye mchoro kabla transfoma haijaagizwa.

Sasa tuje kwenye hoja za upande wa pili, na nianze na ile nyepesi kuliko zote, ambayo ndiyo inayosikika zaidi: tuna umeme wa kumwaga, hizo wati 300 zina kazi gani? Piga hesabu ya mwaka. Wati 300 kwa saa 8,760 ni uniti 2,628. Mteja mdogo wa tarifu ya D1 anaruhusiwa hadi uniti 75 kwa mwezi, uniti 900 kwa mwaka. Hasara ya chuma ya transfoma moja ya kVA 100 ni sawa na karibu kaya tatu za D1 zinazotumia mpaka mwisho wa posho yao, na kaya hizo tatu hazipo, hazilipi, hazina hata jina kwenye mfumo wa LUKU. Zidisha kwa idadi ya vijiji. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, umeme umevifikia, na sasa kazi imehamia vitongojini, ambako kaya ni chache zaidi kwa kila transfoma. Halafu hili la umeme wa kumwaga lina kumbukumbu fupi mno. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao. Maji ya bwawa yanategemea mvua, na uniti isiyopotea leo ni maji yanayobaki nyuma ya ukuta hadi Novemba.

Kuna ubaya mwingine katika hoja hiyo. Inachukulia kwamba umeme mwingi kule Rufiji unapunguza shida ya huku mwisho. Unaiongeza. Mitambo ilipokuwa haitoshi, mgao wenyewe ulikuwa unazipumzisha transfoma. Sasa hakuna wa kuzizimia. Mzigo wote unaotaka kupita unajaribu kupita, na kama mlango ni mwembamba, mlango ndio unaovunjika. Mwananchi anayesema "umeme upo lakini haufiki" anaeleza kwa usahihi kilichotokea, hata kama lawama anaipeleka kwenye bwawa.

Hoja ya pili ni nzito na sitaifanyia mzaha. Transfoma zenye hasara ndogo ni ghali, kwa kuwa chuma chake ni bora na shaba yake ni nyingi. Bajeti ya kusambaza umeme vijijini ina mwisho. Kila shilingi inayoongezwa kwenye ubora wa transfoma inatolewa kwenye nguzo, waya, au kitongoji kingine ambacho watoto wake bado wanasomea kibatari. Anayesema hivi ana haki ya kujibiwa kwa hesabu. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, hauruhusu transfoma ya kawaida ya mafuta ya kVA 100 kupoteza zaidi ya wati 130 ikiwa tupu. Tofauti na wati 300 za mfano wetu ni wati 170, karibu uniti 1,490 kwa mwaka. Tuzithamini uniti hizo kwa bei ya chini kabisa inayojulikana, ile ya D1 ya shilingi 100. Ni shilingi 149,000 kwa mwaka. Ukizichukua kwa miaka 25 na kuzikata kwa riba ya asilimia 10, kwa kuwa shilingi ya kesho si ya leo, thamani yake sasa ni kama milioni 1.35. Basi jibu ni hili: ikiwa transfoma bora inazidi bei kwa chini ya kiasi hicho, kununua ya bei rahisi ni hasara hata kwa maskini. Ikiwa inazidi kwa milioni tatu, mwenye hoja ya pili ameshinda kwenye kitongoji cha kaya kumi na tano, na nitamwachia ushindi wake. Ila hapo ndipo angepaswa kujiuliza kama kitongoji hicho kilihitaji kVA 100 kwanza, au 25 zingetosha.

Hapo tunakutana na hoja ya tatu, inayopendwa na wanasiasa kwa sababu inaonekana: tufunge transfoma kubwa kila mahali, tumalize. Mbunge anaomba transfoma kubwa, mkutano unapiga makofi. Mjini, ambako mzigo unakua kila mwezi, ombi hilo mara nyingi ni halali. Transfoma inayofanya kazi kwenye asilimia 40 au 50 inapoteza kidogo na haiungui. Kijijini ni kinyume. Transfoma ikiwa kubwa ina kiini kikubwa, na kiini kikubwa kinakula umeme usiku kucha kwa ajili ya mzigo ambao huenda utakuja baada ya miaka kumi na mitano. Kilichofanywa Kenya kuanzia 2015 kwenye mpango wa kuunganisha wateja waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma kilikuwa na mantiki hii ndani yake, hata kama haikusemwa hivyo: transfoma ipo, inaunguruma, jaza abiria. Miradi yetu ya ujazilizi ina mantiki hiyohiyo. Kuunganisha kaya arobaini zaidi kwenye transfoma iliyo tupu kunapandisha ufanisi wake kuliko ufundi wowote wa kiwandani, na kijijini mteja anaunganishwa kwa shilingi 27,000.

Na wanaosema wananchi wenyewe ndio waharibifu, kwa kujiunganishia, kuwaita vishoka na kuiba mafuta? Karakana ya rafiki yangu ni ushahidi wao. Lakini kishoka hachagui fezi kwa ubaya. Anachagua kwa kutojua, na hakuna anayempimia. Transfoma nyingi za ugavi hazina mita upande wa volti ndogo. Tunajua uniti ngapi Mama Asha amenunua jana kupitia simu yake, lakini hatujui transfoma inayomhudumia ilibeba ampea ngapi kwenye fezi yake saa mbili usiku. Mita za LUKU zikihesabiwa kwa transfoma badala ya kwa mtaa, na transfoma yenyewe ikiwa na mita yake, hasara, wizi na mzigo wa upande mmoja vitaonekana mezani bila mtu kupanda nguzo.

Ninachokisubiri zaidi ni kitakachotokea jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sehemu kubwa itakuwa gesi, lakini umeme nao umo, na majiko ya presha ya umeme yanasambazwa kwa kasi kwa hoja sahihi kabisa kwamba yanapika maharage kwa gharama ndogo kuliko mkaa. Kila jiko la aina hiyo linavuta karibu kilowati moja. Chukua mtaa wenye kaya 120 kwenye transfoma ya kVA 100, mzigo wa jioni kilowati 60. Hasara ya shaba ni wati 630, transfoma iko raha. Yawashe majiko 60 kwa wakati mmoja, na Watanzania tunapika kwa wakati mmoja, hasa mwezi wa Ramadhani saa moja kabla ya kufuturu. Mzigo unakuwa kilowati 120. Hasara ya shaba inaruka hadi wati 2,520, mara nne, na inafanyika kwenye hewa ya nyuzi thelathini, kila jioni, na huenda kwenye fezi moja zaidi ya nyingine. Bwawa halitalitambua ongezeko hilo. Kilowati 60 kwa mitambo ya Rufiji ni chembe. Karatasi iliyo ndani ya transfoma ndiyo itakayolitambua.

Kwa hiyo zabuni inayotangazwa leo ndiyo itakayoamua kama mkakati wa 2034 utapika au utaungua. Taarifa za kununua na kufunga transfoma huwa zinatupa idadi na kVA. Ziongezwe namba mbili tu: wati zinazopotea ikiwa tupu, na wati zinazopotea ikiwa imejaa. Mnunuzi anayelinganisha bei za wazabuni aongeze kwenye kila bei thamani ya hasara ya miaka 25, njia ambayo mashirika ya umeme duniani yameizoea kwa miongo mingi, na mara nyingi mshindi atabadilika. Sifa za joto zitajwe kwa hali ya hewa ya Tanga na Dodoma, si kwa wastani wa nyuzi 20. Kisingizio cha kwamba bidhaa hizo zinatoka mbali nacho kimepungua: Arusha kuna kiwanda cha transfoma cha TANELEC, Kigamboni kuna kile cha Elsewedy, na kiwanda hutengeneza kile ambacho mteja wake mkubwa amekiandika kwenye karatasi. Umeme wa Ethiopia ukifika Moshi, utashuka kupitia transfoma zilezile ambazo umeme wa Rufiji ungepitia, na mita za mwezi wa kwanza zitaonyesha kama kilichokuwa kinafifisha taa za kule kilikuwa umbali peke yake.